Droni ya Shemeji, Sehemu ya Sita: Gundi Yangu na Fundi Gladson

Mliniacha jikoni kwangu hapa Limbe, mkono wangu mzima umezama ndani ya pipa la unga wa mahindi, na mke wangu Tamandani amesimama mlangoni akiniuliza ninatafuta nini humo.

Kwa aliyeingia leo, habari yenyewe ni fupi na ya aibu. Dada yangu Mwayi amechumbiwa na kijana anayeitwa Fatsani Thipa. Siku ya chinkhoswe, familia mbili zilipokutana uani kwetu kubadilishana jogoo na mtetea mbele za watu, mimi ndiye niliyekaa kwenye kiti cha nkhoswe wa binti. Yaani ndoa ile iko mikononi mwangu mpaka nife. Wakigombana waje kwangu, wakinuniana niwapatanishe, kitu kikivunjika baina yao nikiunge.

Fatsani alikuja na droni. Akanikabidhi begi nimtunzie wakati yeye amekaa mkekani na wazee. Sikuitunza. Niliirusha nyuma ya nyumba, kidogo tu, nione. Jogoo wa posa, aliyekuwa kapuni akisubiri zamu yake, alidhani ni mwewe. Akatoka na kapu lake. Wakakutana hewani.

Jogoo alipoteza manyoya ya mkia, nikayaficha mapengo kwa utepe mwekundu wa keki, na watu wakashangilia wakidhani ni mtindo mpya. Droni ilipoteza mkono. Niliificha kwenye unga. Tangu siku ile ni wiki mbili.

"Natafuta upawa," nilimwambia Tamandani.

"Upawa ninao mimi hapa, Baba Yamiko."

Kweli alikuwa ameushika.

Nikaitoa droni. Ilikuwa nyeupe kuliko ilivyotoka dukani. Tamandani akaitazama, akanitazama mimi, akavuta kigoda akakaa. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha chitenje alichojifunga. Kisha akanyamaza ghafla, na mimi nilipendelea kile kicheko.

"Fatsani anajua?"

"Bado."

"Mwayi?"

"Bado kidogo."

"Bado kidogo ndiyo nini? Ipeleke kwa fundi leo hii, halafu ukawaambie wote wawili."

"Kwa fundi gani, mama?"

Hapo akauma midomo, maana fundi wa droni kwenye mji wetu ni mmoja tu, naye ni Gladson.

Gladson ni binamu yangu, mtoto wa mjomba. Ana duka la ukarabati karibu na soko, ana gari, ana tumbo la heshima. Mama alitaka awe yeye nkhoswe wa Mwayi. Ukoo mzima ulitaka awe yeye. Mwayi peke yake ndiye aliyesimama mbele ya wakubwa akasema, "Gladson anajua kutengeneza vitu. Laston anajua kukaa na mtu." Nikapewa kiti. Tangu siku ile Gladson hunisalimia kwa sauti kubwa kupita kiasi, kama anayeongea na kiziwi.

Sasa niende kwake nimeshika nini? Nimeshika ushahidi kwamba nilikaa kitini chini ya saa moja na tayari nikavunja kitu cha mkwe?

"Nitaitengeneza mwenyewe," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi ni mwalimu wa useremala. Maisha yangu yote naunga vilivyovunjika."

"Hiyo ni mbao?"

Akasimama, akavaa viatu vyake vya kijani nilivyomnunulia Krismasi, kwa kuwa siku hiyo alikuwa na kwaya. Mlangoni akageuka.

"Baba Yamiko, mimi nitanyamaza. Umevunja, umeogopa, hayo ni ya binadamu. Lakini siku utakayomdanganya Mwayi kwa mdomo wako, usinihesabu upande wako."

"Sitamdanganya."

"Haya. Na unga huo usinisongee nsima."

Nilianza Jumatatu baada ya vipindi. Nilifunga mlango wa karakana ya shule, nikaipiga brashi droni mpaka unga ukaisha, nikaiweka chini ya taa. Mkono wa mbele wa kulia ulikuwa unaning'inia kwa waya tu. Kamera ilikuwa imeinamisha kichwa. Tumbo lilikuwa na ufa.

Kwenye mvunjiko wa mkono niliona mstari wa gundi ya manjano iliyokauka zamani. Nikafurahi. Nikajiambia, kumbe hata kiwandani wanatumia gundi, basi nipo njia moja na wenzangu. Shikeni hapo. Mtu mwenye akili angejiuliza zaidi.

Gundi ya mbao haikushika. Nikanunua ile gundi kali ya kwenye vichupa vidogo. Ilishika. Ilishika mkono wa droni, na ilishika kidole changu cha shahada kwenye kidole gumba. Jumanne nilifundisha kipindi cha kwanza vidole vimefanya duara, wanafunzi wakadhani nawaambia kazi yao ni safi kabisa. Wakanirudishia alama ileile darasa zima. Sijawahi kuwa na kipindi chenye furaha kama kile.

Ili mkono usivunjike tena, nikauwekea kigango kama mfupa uliovunjika. Nilikichonga kwa mti mgumu wa mlombwa, chembamba, nikakipiga msasa, nikakipaka vanishi. Kusema kweli kilikuwa kizuri. Ufa wa tumboni niliuziba kwa plasta nne za kwenye sanduku la huduma ya kwanza, nikafunika kila kitu kilichokuwa hapo, na kibandiko kimoja kidogo chenye namba za simu nacho kikaenda chini ya plasta. Nilijua ni namba za Fatsani. Nilijua kwa uhakika wa mtu ambaye hakuzisoma.

Jumatano Fatsani akapiga simu.

"Shemeji! Droni haijambo?"

"Imelala tu, shemeji. Haina neno."

"Naitaka Jumamosi asubuhi. Jumamosi lazima, shemeji, sina ujanja."

"Jumamosi utaikuta inachekelea."

"Umeichaji?"

"Mpaka imevimba."

"Imevimba?" Sauti ilimpanda. "Betri imevimba? Shemeji, itoe nje ya nyumba! Itawaka moto hiyo!"

"Imevimba kwa furaha, shemeji. Nakutania."

Nikasikia anavuta pumzi. Nilidhani ananihofia mimi na droni yake. Baadaye nilikuja kuelewa alikuwa anahofia kitu kingine kabisa.

Alhamisi alasiri niliileta nyumbani kuijaribu sebuleni. Tamandani aliondoa glasi zote mezani bila kuambiwa, akasimama nyuma ya kochi na mto kifuani.

"Ngoja kwanza," akasema. "Hayo mapangaboi umeyawekaje?"

"Yalivyokaa."

"Si nasikia yako ya aina mbili, mengine yanazunguka huku na mengine kule?"

"Nani kakwambia?"

"Fatsani mwenyewe, siku ya chinkhoswe. Wewe ulikuwa nyuma ya nyumba."

Nilijifanya sijasikia. Nikawasha.

Mota tatu zilizunguka. Ya nne, ile ya mkono uliovunjika, iliguna tu kama mzee anayeinuka kitini, ikakataa. Droni ikaanza kuzunguka juu ya meza. Nikabonyeza kushuka, ikapanda. Nikabonyeza kusimama, ikaenda upande, ikaliparamia pazia, ikajiviringisha nalo mara tatu, na zote mbili zikagonga dirisha.

Kigango changu hakikuvunjika. Kilichovunjika ni kioo.

Tamandani alitokeza kichwa nyuma ya kochi. "Kweli mlombwa ni mti," akasema.

Jioni hiyo nilibadilisha nyaya za ile mota ya nne. Nilizilehemu upya, nikaipuliza mota, nikaitikisa, mwisho nikaiombea. Ilizidi kuguna. Na kila nilipogusa kitu kimoja, kingine kilikatika. Waya wa kamera, ule mwembamba bapa, ulichanika mkononi mwangu kama karatasi. Mpaka hapo nilikuwa nimevunja vingi kuliko jogoo.

Ijumaa saa sita mchana, nikiwa na begi kwapani, niliingia dukani kwa Gladson.

"Nkhoswe!" aliita, wateja wawili wakageuka. "Nkhoswe wetu! Kimekuleta nini kwetu sisi wanyonge?"

"Punguza sauti, binamu."

"Nitapunguzaje sauti na mkubwa wangu amekuja?"

Alingoja wateja watoke. Kisha akashusha ile lenzi ya kukuzia aliyoivaa kwenye paji la uso, akafungua begi, na akatazama kwa muda mrefu. Nilimwona anang'ang'ana asicheke. Alishindwa.

"Hii ni vanishi?"

"Ni vanishi."

"Binamu, umeijengea droni kabati!"

"Utaiweza au huiwezi?"

"Naiweza. Ya nani?"

"Yangu."

"Nauliza kwa sababu." Alinyoosha kidole ukutani, palipobandikwa karatasi aliyoiandika kwa mkono: HATUFUNGUI MALI YA MTU BILA RUHUSA YA MWENYEWE. "Hiyo ndiyo sheria ya duka hili. Siivunji hata kwa ndugu."

"Mwenyewe ni mimi. Ruhusa nimetoa. Fungua."

Akachukua bisibisi ndogo kama kijiti cha meno. Mimi nilikuwa nimetumia siku nne. Yeye alizungusha pangaboi la mota ya nne kwa kidole, akalisikiliza, akachukua kibano, akakiingiza chini ya pangaboi, akavuta taratibu.

Kitu kikatoka kikijizongoa kwenye mhimili wa mota. Kilikuwa chembamba, kirefu, chekundu.

"Mota yako haijafa," Gladson alisema. "Imekabwa."

Akakinyoosha kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa unyoya.

Nilitamani sakafu inimeze. Siku nne nilikuwa nimekata, nimelehemu, nimegundisha, na kila kitu nilikigusa isipokuwa kilichokuwa na shida.

"Mwekundu, ncha nyeusi," Gladson aliendelea polepole. "Unyoya wa mkia wa jogoo. Wiki mbili zilizopita nilimwona jogoo wa rangi hii. Alikuwa amefungwa utepe wa keki matakoni. Nikajiuliza, jogoo gani huyu amevaa kama mtoto anayekwenda kubatizwa?"

Nilikaa kwenye kiti cha wateja.

"Kwa hiyo droni si yako," akasema. "Ni ya shemeji."

"Gladson, nakuomba."

"Ulikabidhiwa uitunze."

"Nakuomba, binamu. Anaitaka kesho."

Akavua lenzi. Sauti yake ya kiziwi ilikuwa imekwisha, aliongea kama watu. "Mkono mpya ninao. Waya wa kamera ninao. Kesho saa tatu asubuhi itaruka, na hakuna atakayejua iliwahi kuanguka. Fedha yako sitaki."

"Unataka nini?"

"Kiti."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania.

"Mpigie Mwayi sasa hivi. Mwambie kazi zimekuzidi, unajitoa. Mengine wataamua wakubwa, na wakubwa unawajua."

"Kiti hicho si changu kukuuzia."

"Nina suti, Laston." Aligeukia rafu, akawa anapanga skrubu ambazo tayari zilikuwa zimepangwa. "Mama yako aliniambia nijiandae. Nikaenda nikashonesha suti ya kijivu. Mpaka leo iko kabatini na karatasi yake. Siku ya chinkhoswe nilivaa shati la kawaida, nikakaa nyuma na watu wa vyombo."

Nilimwonea huruma, na hilo ndilo lililoniangusha. Ningemchukia, labda ningeondoka na begi langu. Nilijiambia binamu anastahili, Mwayi ataelewa, Fatsani atapata mali yake nzima, kila mtu atafurahi. Niliyatafuta maneno mazuri ya kuficha woga, na nikayapata.

Nikampigia simu.

"Kaka!" Mwayi alikuwa na furaha. "Nilitaka kukupigia mimi!"

"Mwayi, sikiliza. Kazi shuleni imenizidi. Mitihani, karakana... Naona kile kiti nimwachie mwenye nafasi."

"Nani mwenye nafasi?"

"Wakubwa watajua."

"Kaka, nimekukosea?"

"Hapana, mdogo wangu. Ni kazi tu."

"Ni kazi tu?"

"Kazi tu."

"Sawa," akasema. "Nimesikia." Simu ikakatika.

Gladson alinipa mkono. Nilitegemea ashangilie, lakini alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu aliyekula kitu kisichomkaa. Nikatoka.

Barabarani nilinunua mandazi mawili nikashindwa kuyala. Swali la Mwayi lilikuwa linanifuata. *Nimekukosea?* Nilikuwa nimemwibia hata haki ya kunikasirikia mimi, akabaki anajitafuta kosa mwenyewe. Na nilikuwa nimefanya hivyo kwa bei ya mkono mmoja wa plastiki.

Basi nikakata shauri. Kiti kimeshakwenda, sina cha kulinda tena. Naenda kwa Fatsani, namwambia yote, jogoo, unga, vanishi, yote. Nikatembea kwa miguu mpaka kwake, ili nipate muda wa kupanga maneno.

Nilipogonga, Fatsani alifungua mlango akaruka nyuma kama kaona mzimu.

"Shemeji! Nilikuwa navaa viatu nije kwako!"

"Fatsani, nina neno."

"Hata mimi nina neno. Kaa, tafadhali kaa."

Alitandika mkeka. Nilipokaa, alipiga magoti mbele yangu, akapiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa, kama wanavyofanya watu wakija na shida yao mbele ya nkhoswe.

"Fatsani, inuka. Kabla hujasema, mimi..."

"Shemeji, nikinyamaza sasa nitashindwa tena. Niache niseme." Akafumba macho. "Droni si yangu."

"Nini?"

"Ni ya mjomba. Mzee Thipa. Alistaafu kazi ya upimaji ardhi, sasa ndiyo starehe yake, anairusha kule Zomba mlimani kila mwezi. Nilimwomba kwa siku moja tu. Halafu nilipofika kwenu, mama yako aliniuliza ni ya nani, nikajikuta nimesema yangu. Nilitaka mnione mtu mwenye vitu."

"Hayo ni nusu," akaendelea. "Siku tatu kabla ya chinkhoswe niliigonga kwenye goli la uwanja wa Chilomoni. Mkono wa mbele ukavunjika. Sikuthubutu kwenda kwa fundi, mjomba anajulikana na mafundi. Nikaiunga mwenyewe kwa gundi. Gundi ya manjano."

"Gundi ya manjano," nikarudia.

"Nilikukabidhi kitu kilichovunjika, shemeji, huku najua. Wiki mbili silali. Kila nikikupigia, unaniambia haijambo, najua unanisitiri tu. Na mjomba anaitaka kesho. Shida ya namna hii mtu huipeleka kwa nkhoswe wake. Wangu ni nani? Ni mjomba huyohuyo! Ndiyo maana nilitaka kuja kwako. Wewe ndiwe nkhoswe wa Mwayi. Nenda ukaniombee kwa mjomba."

Nilianza kucheka. Sikukusudia. Nilicheka nikaegemea ukuta, Fatsani akanitazama kwa hofu, ndipo nikamwambia. Nilimwambia kila kitu bila kupunguza, na nilipofika kwenye kigango cha mlombwa na yeye akaangua kicheko, tukashikana mabega wawili tukitikisika kama watoto.

Kisha akakatiza. "Ngoja. Jogoo yule?"

"Yule."

"Shemeji, mjomba alimlea yule jogoo tangu yai."

Nikayaachia mabega yake.

"Basi utamwambiaje?" akauliza.

"Mimi? Mimi siwezi. Kiti nimekiacha."

"Umekiacha lini?"

"Mchana huu."

"Umekiacha kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mkono mpya wa droni."

Alifungua mdomo anijibu, na hapohapo tukasikia sauti nje.

"Hodi hapa!"

Fatsani akawa na rangi ya ule unga wangu. Aliijua sauti hiyo.

Mzee Thipa aliinama kuingia, mrefu, mkavu, koti la mvua mkononi. Nyuma yake aliingia Gladson. Gladson alikuwa amevaa suti ya kijivu, mpya, mikunjo ya kabatini bado imo magotini.

"Binamu," alininong'oneza akikaa kando yangu, "nilibandua plasta zako. Chini kulikuwa na kibandiko chenye namba. Sheria ya duka ndiyo hiyo, nikapiga. Sikujua ni ya nani, naapa. Aliponiambia anakuja kwa mpwa wake, mkwe wetu, nikaona nami nivae."

Mzee Thipa alikaa. Alitusalimia wote, akauliza habari za nyumbani, za kazi, za mvua, hakuruka hata moja. Alipomaliza, aliweka droni katikati ya mkeka. Juu yake akaweka unyoya mwekundu.

"Mashine hii ni yangu," akasema. "Unyoya huu ni wa jogoo wangu, hata gizani ningeujua. Hivi viwili havikuwa na sababu yoyote ya kujuana. Sasa sitamuuliza kijana, maana ni damu yangu na atanidanganya kwa heshima. Yaliyotokea uani kwa binti, nkhoswe wa binti ndiye atakayeyajibu, na kama kuna lawama ataibeba yeye. Njiani nimesikia kiti kimehama leo. Ni yupi kati yenu?"

Fatsani aliangalia mkeka. Mimi nilimwangalia Gladson. Gladson, aliyeingojea siku hii na suti kabatini, alikuwa anakagua dari kama fundi wa mapaa.

"Nauliza mara ya pili," mzee akasema.

Niliutazama ule unyoya. Nilimsikia tena Mwayi akiniuliza kama amenikosea. Nikakunja viganja, nikapiga makofi mara tatu.

"Ni mimi, mzee. Mimi Laston. Droni niliirusha mimi, aliyemfunga jogoo utepe ni mimi, na aliyeficha ni mimi. Leo nilikiacha kiti hiki kwa woga. Nakirudia sasa ili nikujibu."

Mnaweza kunicheka, lakini kwa mara ya kwanza katika wiki mbili nilivuta pumzi ikafika chini. Kando yangu Gladson aliacha dari, akanitazama. Mzee Thipa aliinua kidevu, akafungua kinywa.

"Si yeye, mzee."

Wote tukageuka. Mwayi alikuwa amesimama mlangoni, kijasho usoni, simu mkononi.

"Kaka alijitoa leo mchana kwa simu, kwa mdomo wake mwenyewe," akasema, wala hakuniangalia. "Na wewe, kaka Gladson, tulia na suti yako, sijakuita. Nkhoswe ninaye mwingine tangu saa tisa leo. Amenieleza kila kitu, mpaka habari za pipa la unga. Ndiye atakayekujibu."

"Nani huyo?" Mzee Thipa akauliza.

Mwayi akasogea pembeni kumpisha. Nyuma yake, kizingitini, mtu alikuwa ameinama akivua viatu. Vilikuwa viatu vya kijani, namba thelathini na nane, na nilivinunua mwenyewe Krismasi.